Tano-Tano na Alama za Digrii

Siku Digrii aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, familia nzima ilisimama mlangoni kumpokea kwa furaha, isipokuwa mtu mmoja, aliyesimama mlangoni kumpokea kwa maumivu ya tumbo. Mtu huyo alikuwa dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa. Kwa kuwa alifanya kazi famasi, alizijua dawa zote za tumbo, na alijua pia kwamba hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya tumbo la aina ile.

Nyumbani na kazini aliitwa Tano-Tano. Jina hilo alilipata kaunta, kwenye famasi ya mjomba wao, kwa sababu ya jinsi alivyohesabu vidonge. Wengine huhesabu kimoja kimoja, kama wanafunzi wa bweni wanaohesabu siku zilizobaki kabla ya likizo. Yeye alivimimina kwenye sahani, akashika kijiko bapa, akavivuta vitano vitano, tano, kumi, kumi na tano, mpaka tisini, huku akimweleza mteja kwamba dawa hiyo hainywewi na maziwa, na huku jicho lake la pili likimlinda mteja mwingine aliyekuwa anapekuapekua rafu ya sabuni. Kwa miaka sita hakuwahi kukosea hata kidonge kimoja. Watu walikuwa radhi kupanga foleni mbele yake hata kama mjomba mwenyewe, mfamasia aliyesajiliwa, mwenye miwani na cheti ukutani, amekaa bure anajipepea kwa risiti.

Digrii naye alikuwa na jina lake zamani, lakini lilipotea. Siku mama yake alipopata simu kwamba binti amehitimu, alitoka nje akawatangazia majirani, na tangu hapo hakumwita tena kwa jina alilompa mwenyewe. Mwacheni Digrii alale. Mpisheni Digrii kiti. Digrii siku hizi hali pilipili. Tano-Tano alikuwa na stashahada ya utoaji dawa, tena nzuri, lakini hakuna aliyewahi kumwita Stashahada.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alizidiwa. Kila jioni alipita nyumba ya pili, kwa mama yake mdogo, kusalimia, na kila jioni alimkagua mgeni kama kiranja anayekagua kitanda akitafuta kunjo moja la shuka ili apate cha kuandika kwenye daftari. Hakupata. Digrii alifunga milango taratibu. Digrii alisikiliza mtu mpaka mwisho ndipo akajibu. Digrii aliosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo mama yake alilisimulia kwa siku tatu. Na siku ya nne Mama Mdogo alitangaza, bila kuulizwa na yeyote, kwamba mwanawe hakoromi.

Yote hayo Tano-Tano angeyameza na maji. Lililomkwama kooni lilikuja wiki ya pili, wakati Digrii aliposema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba shahada yake ya kemia ilikuwa njia tu. Anachotaka hasa ni kusomea ufamasia, hapa hapa nyumbani, na kwamba dirisha la maombi la chuo lilikuwa linafungwa baada ya wiki saba.

Tano-Tano alikuwa anazihesabu wiki hizo hizo. Alikuwa amezihesabu kwa miaka sita, kwa sababu chuo kilitaka mwenye stashahada afanye kazi miaka sita kamili kabla hajaomba, na yake ilikuwa inatimia mwezi ule. Fomu yake ilikuwa imeshajazwa, iko ndani ya kava la plastiki, chini ya godoro, imelala salama kuliko mwenye godoro. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, nacho ni barua ya mfamasia aliyesajiliwa anayemfahamu mwombaji. Na sheria ya chuo ilikuwa fupi kama amri ya kuzima taa: kila mfamasia, barua moja kwa mwaka. Wafamasia wa mji ule walikuwa wanne. Watatu kati yao walikuwa na watoto wao wa kuwaandikia. Wa nne alikuwa Mjomba.

Mjomba, aliyekuwa kaka wa mama zao wote wawili, aliposikia kwamba sasa ana wapwa wawili na barua moja, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho alisema atafikiri, na kwamba atatoa jibu Jumapili ya mwisho wa mwezi mbele ya wote. Mama Mdogo akasema haina haja ya kufikiri, mtu amesoma mpaka huko kwenye theluji. Mama yake Tano-Tano, ambaye kwa kawaida ni mpole, akajibu kwamba theluji haijawahi kumtibu mtu malaria. Wakanuniana mpaka kesho yake.

Kuanzia hapo Tano-Tano alikuwa na wivu wa kutwa mara tatu, kabla na baada ya chakula. Alipomwona Digrii akija famasi kumletea Mjomba chai, aliiona chai ile ni hongo. Alipomwona hajaleta chai, alisema moyoni kwamba sasa anajidai. Mteja mmoja mzee alimuuliza Digrii kama yeye ndiye daktari mpya, na Tano-Tano akamhesabia mzee huyo vidonge vyake kwa ukali usiostahili kabisa kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, mambo yalibadilika kwa sababu ya mashine ya kutoa nakala.

Mashine ile ilikaa pembeni ya kaunta na ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi za watu isiowajua. Digrii alikuja na bahasha ya kaki. Akaeleza kwamba vyeti vya ng'ambo havipokelewi chuoni hivi hivi. Sharti kwanza vipelekwe kwenye ofisi ya serikali ya kulinganisha vyeti, wao wavipime, waandike shahada hii ni sawa na nini hapa kwetu, ndipo chuo kikuangalie usoni. Alihitaji nakala mbili za orodha ya alama zake. Akamkabidhi dada yake karatasi, yeye akakaa kwenye benchi la wagonjwa kujaza fomu ya ofisi hiyo.

Tano-Tano hakukusudia kusoma. Lakini mashine ilitoa karatasi polepole, uso juu, mstari baada ya mstari, na macho hayana mlango. Majina ya masomo yalikuwa ya lugha ya huko, marefu kama mabehewa ya treni. Tarakimu zilikuwa tarakimu. 1,3. Mstari uliofuata, 1,0. Kisha 1,7. Kisha 1,0 tena, na tena, mpaka chini, moja na ushei, moja na ushei, na katikati yake imesimama 4,0 moja peke yake. Chini kabisa, kwa wino mzito, wastani: 1,4.

Chuoni alikosoma Tano-Tano, na katika kila chuo alichokijua, wastani ulipimwa juu ya tano. Mwenye nne na nusu alipigiwa makofi. Mwenye tatu alipumua. Mwenye chini ya mbili alifungashiwa virago. Wastani wake mwenyewe ulikuwa tatu nukta tisa, na aliujua kama anavyoujua mkono wake. Alisimama mbele ya mashine ile, nakala ya moto mkononi, akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu mgeni afike. Tumbo lilikuwa limepona.

Alirudi kwenye benchi, akakaa karibu, akamrudishia karatasi zikiwa zimegeuzwa chini, kama mtu mwenye adabu.

"Mdogo wangu, nimeziona alama zako."

Digrii akaacha kuandika. Uso wake ukabadilika.

"Zote?"

"Zote."

Digrii alitazama mlangoni, mvua ilikokuwa inapiga. "Dada, nakuomba. Usimwambie mama."

Ushahidi gani tena ulihitajika? Tano-Tano alimshika bega, akamwapia kwamba siri hiyo itaingia naye kaburini, na alipokitamka kiapo hicho kitamu alikuwa anamaanisha kila neno. Kwa mara ya kwanza alimpenda mdogo wake. Alimpenda kama anavyopendwa mchezaji wa timu pinzani anayetolewa uwanjani kwa machela.

Wiki zilizofuata watu walishangaa. Tano-Tano alimtafutia Digrii koti jeupe, akalipunguza mikono mwenyewe kwa sindano. Alimsimamisha nyuma ya kaunta akamfundisha kazi, maana huruma ikikosa pa kwenda hugeuka ualimu. Alimwonyesha jinsi ya kuvuta vidonge bila kuviparaza, jinsi ya kusoma mwandiko wa daktari yule wa zahanati ambaye huandika kama anakimbizwa, jinsi ya kumuuliza mama mjamzito maswali bila kumwaibisha mbele ya foleni. Digrii alikuwa na mikono mizito lakini alijifunza haraka. Alipokosea, Tano-Tano alicheka kwa upole mkubwa na kumwambia haidhuru, si kila mtu amejaliwa. Digrii alishukuru. Alisema huko alikokuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kwa subira namna ile.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikafika. Walikaa sebuleni kwa Mjomba, mama wawili kwenye kochi moja lakini kila mmoja ncha yake, Digrii kwenye kiti cha plastiki, Mjomba katikati na miwani yake. Alianza kwa kukohoa. Akasema uamuzi huu umemkosesha raha, na kwamba wote wawili ni watoto wake.

Na hapo Tano-Tano akasimama.

Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku nane. Akipewa yeye barua, Digrii ataishi maisha yake yote akisema alikosa chuo kwa kukosa barua, na Mama Mdogo atakuwa anauimba wimbo huo jikoni mpaka wajukuu wauimbe. Hapana. Tano-Tano hakutaka Digrii akose kwa kukosa barua. Alitaka akose akiwa na kila kitu mkononi: barua, koti, baraka na sala, kisha chuo kimwangalie wastani wake na kumwambia asante, kwaheri. Alikuwa tayari kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo moja. Kuna watu wameweka akiba ya nyumba kwa hamu ndogo kuliko hiyo.

"Mjomba," alisema, "mwandikie mdogo wangu. Mimi bado nipo, nitaomba mwakani."

Mama Mdogo akaanza kulia, akavuka kochi akamkumbatia dada yake, na wote wawili wakalia pamoja. Mjomba alivua miwani na safari hii hakuifuta miwani, alifuta macho. Digrii alimtazama tu dada yake kwa namna iliyomlazimu Tano-Tano kuangalia feni ya dari.

Sifa zilienea mtaani. Fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara alimwambia kwamba watu wa aina yake wamekwisha duniani. Tano-Tano aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliouzoeza mbele ya kioo.

Barua ya ofisi ya kulinganisha vyeti ilifika siku ya Jumanne, ikiwa imebaki siku tatu dirisha kufungwa. Digrii aliingia nayo famasi ikiwa haijafunguliwa. Alisema anaogopa, Mjomba aisome yeye. Tano-Tano alikuwa anahesabu vidonge tisini vya mama mmoja wa shinikizo la damu. Alijipanga vizuri. Alikuwa ameshaandaa sura ya kusikitika.

Mjomba alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma watu wa umri wake, anwani na kumbukumbu namba kwa ukamilifu. Akafika katikati. "Katika mfumo wa nchi husika, alama ya 1 ndiyo ya juu kabisa, na alama ya 5 ni kushindwa. Wastani wa mwombaji, 1,4, unalingana na 4.6 kati ya 5 katika mfumo wetu. Daraja la kwanza." Akainua macho. "Kuna hii nne moja. Hii nayo ni nini?"

"Hiyo ndiyo aibu yangu," Digrii akasema. "Fizikia. Nusura niifeli. Dada aliiona akanitunzia siri."

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Tano-Tano alikuwa amesimama na kijiko bapa hewani. Alitazama sahani. Hakujua kama amefika hamsini na tano au sitini. Alivirudisha vyote kwenye kopo akaanza upya, na alipofika thelathini akapotea tena. Mama wa shinikizo la damu akamuuliza kama yuko salama. Akamjibu yuko salama. Mjomba akaja akamalizia kuhesabu, kimoja kimoja.

Tumbo lilirudi siku hiyo hiyo, na safari hii lilikuja na mizigo yake yote. Kila aliyempongeza alimchoma. Alijiuliza ni mwizi gani huyu anayejiibia mwenyewe, tena mchana, tena mbele ya mashahidi wanaolia kwa furaha. Jumatano alijaribu kujiambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji yenyewe alikuwa anayaona: bahasha ya barua ilikuwa bado kwenye droo ya Mjomba, yenye mhuri, ikingoja Digrii aipeleke chuoni kesho yake asubuhi. Fomu yake chini ya godoro ilikuwa bado haina doa.

Alhamisi alifika famasi kabla ya wateja. Mjomba alikuwa anapanga chupa za dawa za kikohozi kwenye rafu ya nyuma. Tano-Tano hakuzunguka.

"Mjomba, naiomba ile barua. Niandikie mimi."

Mjomba akageuka na chupa mkononi. Akauliza kuna nini, si yeye mwenyewe aliyesimama mbele ya wote. Tano-Tano akajibu kwamba ndiyo, alisimama, lakini alisimama kwa sababu aliona moja, na alidhani moja ni kuanguka. Alieleza yote. Alieleza kuhusu mashine, na wastani, na jinsi alivyotaka mdogo wake apewe kila kitu ili akose vizuri. Kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kusikika baya, lakini alikuwa ameshaanza, na mtu akishaanza kutapika hachagui cha kubakiza. Mjomba hakumkatiza. Alipomaliza, Mjomba alikuwa anatazama nyuma yake, mlangoni.

Digrii alikuwa amesimama hapo amevaa koti lililopunguzwa mikono. Alikuwa amekuja kuchukua bahasha.

Digrii akaja mpaka kaunta.

"Kwa hiyo ulinipa koti ukidhani nimefeli."

"Ndiyo."

"Na kunifundisha?"

"Ndiyo, na kukufundisha."

"Sasa kwa nini ulinifundisha vizuri?"

Tano-Tano alikuwa na jibu la kila swali lililowahi kuulizwa kwenye kaunta ile, la mjamzito, la mwenye kisukari, la mlevi anayetaka dawa ya usingizi. Kwa hili alisema hajui, kwamba vidonge ni vidonge, mgonjwa anavitegemea, na yeye hafundishi mtu kuvihesabu vibaya hata kama anamchukia.

Digrii akafungua droo mwenyewe, akatoa bahasha, akaiweka juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole mpaka upande wa pili. Akasema Mjomba aichane barua hii, aandike nyingine kwa jina la dada. Yeye ataomba mwakani. Kwa alama zake hawatamkimbia.

Barua ilikuwa pale, karibu na mkono. Miaka sita ilikuwa pale. Tano-Tano aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, na wakati huo huo aliona maisha yake yote yaliyobaki: Digrii aliyefaulu, Digrii asiyekoroma, na sasa Digrii aliyemwachia dada yake nafasi, bila hila, kwa moyo mweupe, mara tu aliposikia inaombwa. Mama Mdogo angekufa kwa fahari. Wivu una kiburi chake. Uko tayari kunyang'anya, uko tayari hata kuiba, lakini kupokea zawadi kutoka kwa mkono ule ule hauwezi.

Akaisukuma bahasha ikarudi.

"Nenda nayo," alisema. "Sitaki wema wako. Safari hii nakupa nikijua umefaulu, na inaniuma, nataka ujue hivyo."

"Dada, unaumwa."

"Naumwa. Chukua kabla sijabadilika."

Digrii aliichukua. Mjomba, ambaye muda wote alikuwa amekumbatia chupa ya dawa ya kikohozi kama mtoto mchanga, aliiweka chini na kusema kwamba barua ya mwakani iko tayari kichwani mwake, haina mjadala. Tano-Tano akamwambia kichwani hapatoshi. Akampa karatasi na mhuri, akasimama juu yake mpaka alipomaliza kuandika, tarehe ya mwakani na sahihi, na Digrii akatia sahihi yake kama shahidi, kwa mwandiko mzuri ambao nao ulimuudhi.

Digrii alipofika mlangoni, Tano-Tano alimwita.

"Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi unaniletea madaftari. Yote, na ya maabara pia. Sitaki nije huko nikukute umenizidi hata ukurasa mmoja."

"Na ukinipita?"

"Hapo ndipo na wewe utaanza kuumwa tumbo."

Digrii alicheka, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya juu, kicheko kibaya, cha kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Tano-Tano alikisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akafuta sahani, akafungua dirisha la kaunta, akamuuliza mteja wa kwanza amekuja na cheti cha daktari au amekuja kujitibu mwenyewe.